Mwaka Ule Picha Zilipokuwa Zikiganda

Arobaini ya dada yangu Bi Rukia tuliisoma Alhamisi, na Jumamosi yake wanawake wakafungua sanduku lake. Kanga ziligawiwa, chupa za marashi zikagawiwa, misahafu miwili ikaletwa kwangu. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma chenye ukingo wa buluu. Sikuhitaji kukikunjua. Nilikijua kwa ukingo wake, na kwa muda mrefu nilikuwa nimeamini kwamba alikitupa jaani kwa hasira. Zuhura, mke wa mjukuu wake, aliniuliza, "Babu, hiki tukipeleke wapi?" Nikamwambia akiache mezani kwanza. Nilitoka nikaenda kukaa barazani, nikajikuta nimerudi kwenye mwaka ambao nisingependa kuurudia, ingawa furaha nyingi iliyomo humu nyumbani leo ilitokana nao.

Wenzangu wakisimulia maisha yao hutaja mwaka fulani wa ujana uliowatengeneza. Mimi wangu ulinikuta na mvi kichwa kizima. Nilikuwa nimeshaacha kufundisha Kurani chuoni hapa Mabawa, na katika masomo yote niliyowapa watoto wa watu, nililolipenda zaidi lilikuwa somo la subira. Niliweza kulizungumza tangu alasiri mpaka magharibi bila kukohoa. Kumbe Mola wangu alikuwa ameniwekea mtihani wake uzeeni, na hakuuweka kwenye maradhi wala njaa, namshukuru. Aliuweka kwenye kompyuta ya Hatibu.

Hatibu ndiye huyo mjukuu wa dada. Alikuwa kijana wa umri wa kuoa, mpole, mwenye sauti nzuri ya kuadhini, na kazi yake ilikuwa kucheza gemu la mpira kwenye kompyuta huku akilitangaza kwa Kiswahili chetu cha huku, na matani yake yote, kisha kuirusha video yake mtandaoni. Watu walikuwa wakimtazama, na mwisho wa mwezi kidogo kilikuwa kikiingia. Chumba chake kilikuwa kile cha mbele, kilichokuwa na friji, meza ya marehemu shemeji na dirisha la kuelekea njiani. Dada alikuwa na desturi ya kuvika kila kitu cha thamani. Redio ilikuwa na kitambaa, friji lilikuwa na kitambaa, mtungi, hata saa ya mezani. Kompyuta ilipoingia alikaa wiki nzima na sindano yake, akaifumia vazi lililofunika juu na kuteremka nyuma na ubavuni mpaka mezani, mbele akaacha wazi. "Kitu kizuri hakikai uchi," alisema. Hatibu aliinama akambusu mkono, na kitambaa kikakaa.

Jambo lilianza Hatibu aliposema anataka kumposa Zuhura, binti wa Mzee Mhina wa Muheza, mfanyabiashara wa machungwa. Tulimtuma fundi Omari, jirani yetu mshona kanzu, awe mshenga. Aliondoka asubuhi na kanzu mpya, akarudi adhuhuri na uso wa mtu aliyenyang'anywa.

"Mie sirudi tena kule," alisema, hata kahawa hajaionja. "Nimeulizwa mposaji anafanya kazi gani. Nikasema anacheza. Wakaniuliza, anacheza ngoma gani?"

"Ungeeleza, yakhe."

"Nieleze nini, Maalim? Nimesema anacheza mpira. Wakauliza timu gani. Nikasema anacheza akiwa amekaa kitini. Mama mmoja nyuma ya pazia akasema, masikini, kiwete?"

Dada alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, lakini Hatibu hakucheka. Siku ile niliamua nitakwenda mwenyewe. Haikuwa kawaida mtu wa nyumba ileile kuwa mshenga, lakini nilijua kwamba Mzee Mhina hatakataa kumsikiliza mtu aliyefundisha Kurani. Nilijua pia kwamba mshenga anaulizwa na lazima ajibu kweli, kwa hiyo nilimwambia Hatibu anifundishe kazi yake kwanza, nami niione ni ya halali na nielewe inavyokwenda. Nilikaa kwenye kiti cha pili chumbani mwake asubuhi baada ya asubuhi, na chai yangu ya tangawizi, nikitazama wachezaji wadogo wakikimbia kiooni.

Mzee Mhina alinipokea kwa heshima, tukala wali wa nazi na samaki wa kukaanga, kisha akasema neno la haki. "Maalim, mimi siikatai kazi nisiyoijua. Nileteeni moja aliyoimaliza, niione kwa macho yangu." Niliona hilo ni jambo dogo. Juma lililofuata tulikwenda pamoja, Hatibu na kompyuta yake ndogo ya mkononi iliyobeba video aliyoirekodi kwenye ile kubwa. Wazee watano waliketi mkekani, akina mama nyuma ya pazia, sahani ya machungwa yaliyomenywa katikati. Video ikaanza vizuri. Kisha picha ikaganda. Wachezaji wakasimama kama mawe, mguu mmoja hewani, na sauti ya Hatibu ikaendelea peke yake: "Anampita mmoja, anampita wa pili, goooli!" Kiooni mpira bado ulikuwa katikati ya uwanja. Picha ikashtuka, ikaruka, ikaganda tena. Hatibu akawa anashangilia watu waliosimama.

Mzee Mhina alitafuna chungwa lake polepole. "Huyu kijana anatangaza lisilotokea bado," alisema. "Kumbe ni mganga wa ramli?"

Nyuma ya pazia walicheka. Mmoja nilimsikia wazi: "Na yule mwenye duka la vyuma naye kaleta barua jana." Hatibu naye alisikia, nikaona shingo yake imelowa jasho. Tulipoaga, Mzee Mhina alinishika mkono. "Maalim, sikufukuzi. Akiitengeneza, mrudi. Lakini iwe kabla ya Ramadhani, maana na wengine wanabisha hodi, nami siwezi kumweka binti ndani kwa ajili ya picha zisizotembea."

Basi tukaanza. Hatibu alinieleza ugonjwa wenyewe, nami nitaueleza kama nilivyouelewa. Video ni picha nyingi zinazofuatana. Yeye alikuwa akirekodi picha sitini katika kila sekunde moja, kwa kuwa mpira unakwenda mbio, na ukirekodi nusu yake unaonekana unaruka kama chura. Gemu likichezwa peke yake lilikwenda laini kabisa. Akiwasha na programu ya kurekodi, zile picha sitini hazikufika zote. Nyingine zilipotea njiani, na hapo ndipo mtazamaji anaona mtu ameganda. Nilimuuliza kwa nini asirekodi chache tu tumalize. Alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama watoto waliotaka kuruka aya. "Babu, wenzangu wote wanatoa sitini. Nikitoa pungufu nitakuwa sina kazi kweli."

Alijaribu kila alichokisoma. Aliifuta programu na kuiweka upya. Alibadilisha sehemu ya kuhifadhia video, akidhani diski ni nzito kuandika. Aliihamisha kazi ya kurekodi kutoka kwenye akili kuu ya mashine akaipa kadi ya picha, na kwa siku mbili tulidhani tumepona. Nilisoma dua ya shukrani, dada akapika mkate wa kumimina. Siku ya tatu ikaganda vibaya kuliko zamani. Akapunguza ukubwa wa picha, akazima kila kitu kingine, akaomba ushauri kwa watu asiowajua, na kila mmoja akampa dawa tofauti kwa uhakika uleule. Nami nilikuwa nimekaa palepale, na ninakiri kwamba ilifika mahali sauti ile ya "goooli" ikawa inanijia hata ninapotoa salamu kwenye sala. Nilianza kujibu watu kwa mkato. Fundi Omari alinisalimia njiani, "Vipi, wachezaji wameshatembea?" nikampita bila kumjibu, mimi niliyewachapa watoto kwa kutoitikia salamu.

Kilichotuchosha zaidi ni kwamba mashine haikuwa na mpango. Siku za kawaida, akirekodi kwa mazoezi, iliganda kidogo. Siku tuliyoiandaa, akasema leo ndiyo ya kumpelekea Mzee Mhina, akatawadha, akaenda kusali rakaa mbili, mimi nikatoka barazani na tasbihi yangu, siku hiyo mashine ilikuwa kama ina kinyongo. Tulivyozidi kujitayarisha ndivyo ilivyozidi kutuaibisha. Dada alikuwa na jibu lake. Nilimsikia uani akizungumza na mke wa Omari huku wakikuna nazi.

"Ni jicho, shoga. Huyu mtoto watu wanamtazama toka wapi na wapi, na kila mtazamaji ana macho mawili. Hesabu mwenyewe."

"Yarabi! Na unafanyaje?"

"Nafanya ninachokijua."

Sikulitia maanani. Katika nyumba yetu Alhamisi jioni chetezo kilipita kila chumba tangu mimi mtoto, makaa na udi na ubani, na moshi wake ulikuwa kwangu harufu ya kuwa nyumbani. Nilijua anafukiza na chumba cha Hatibu. Sikujua kwamba kila Hatibu alipokwenda kusali zile rakaa mbili, dada alikuwa akiingia na chetezo kilichojaa ubani, anakisukuma chini ya meza, nyuma ya mashine, anasoma anachokisoma, na kukitoa kabla hajarudi. Alikuwa akimkinga. Na siku kubwa alizidisha.

Ilikuwa Shaabani imeshaingia wakati mashine ilipozimika yenyewe katikati ya kurekodi. Haikuganda, ilizimika, na nyuma yake palikuwa pa moto usiweze kupagusa. Hatibu aliivua kitambaa, akaibeba mpaka uani penye mwanga, akaiweka kwenye mkeka na kuanza kufungua skrubu. Dada alikuwa kwenye kibao chake cha mbuzi, anamenya mihogo ya mchana. Nilisimama mlangoni. Hatibu alipoutoa ule ubavu wa bati, na jua la saa nne likapiga ndani, harufu ikajaa uani.

Dada akainua kichwa. "Nani kafukiza saa hizi?"

Hatibu alikuwa amechomoa feni, ameishika kwenye kiganja. Mapanga yake yalikuwa ya kahawia, yamevimba. Vumbi la barabarani lilikuwa limenasa kwenye utomvu wa moshi, tabaka juu ya tabaka, na nyuma yake zile bati nyembamba za kupitishia hewa zilikuwa zimeziba kama chujio la chai ambalo halijapata kuoshwa. Mashine ilikuwa ikivuta pumzi kwa feni ile ya nyuma, iliyofunikwa na kitambaa, na moshi wa chetezo ulikuwa ukipanda papo hapo kutoka chini ya meza. Ikishindwa kupoa, inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ikijipunguzia kasi, picha zinapotea. Hatibu aliyajua hayo ya joto. Alikuwa amepuliza vumbi la nje mara nyingi. Hakuwahi kufungua ndani, kwa kuwa kitambaa kilikuwa cha bibi yake, na kukivua kila siku aliona ni kumvunjia heshima.

Dada alikuja taratibu, kisu bado mkononi. Aliinama, akanusa. Alitazama feni, akanitazama mimi, akamtazama mjukuu wake.

"Kwa hiyo," alisema, "hasidi ni mimi."

"Bibi, hapana, hukujua..."

"Sijasema nilijua. Nimesema ni mimi."

Nilitaka kusema neno. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa maneno, na nilikuwa na hadithi za nia na malipo yake, ningeweza kumsomea moja akatulia. Lakini nilikuwa nimechoka, Ramadhani ilikuwa imekaribia, na kusema kweli nilikuwa na hasira naye. Nilinyamaza. Akakichukua kitambaa mkekani, akakikung'uta mara moja, akaenda nacho chumbani. Mihogo ilibaki pale, nusu imemenywa, na mimi ndiye niliyeimalizia.

Hatibu alisugua kwa brashi na spiriti mpaka mapanga yakawa meusi tena. Mashine ilipoa. Kurekodi kukawa bora mno, na bado, hapa na pale, picha ilishtuka. Nilikuwa karibu kulia. Nilimwambia anioneshe tarakimu zake zote, moja baada ya moja, kama mwanafunzi anayerudi kwenye alifu. Pembeni mwa kioo palikuwa na namba inayopanda na kushuka, na aliniambia hiyo ni idadi ya picha ambazo gemu linatengeneza kwa sekunde, mia na zaidi.

"Na kioo kinaonyesha ngapi?"

"Sitini."

"Na video inataka ngapi?"

"Sitini, Babu."

"Hizo nyingine zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Zinatupwa."

"Basi hiyo ni israfu," nilisema, kwa ukali, kwa kuwa nilikuwa nimeudhika na kila kitu. Hatibu alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameshalisoma jambo hilo mahali, akalipuuza, maana wachezaji hujivunia namba ile kama wengine wanavyojivunia pikipiki. Gemu na programu ya kurekodi zilikuwa zinakula sinia moja, na gemu lilikuwa linakomba lote kwa kutengeneza picha zisizo na mlaji. Mwenzake akinyoosha mkono hakuti kitu. Aliliwekea gemu kikomo, lisizidi sitini. Akawasha kurekodi. Tulitazama mechi nzima bila kupumua vizuri, na hakuna aliyeganda.

Muheza tulirudi siku chache kabla ya mwezi kuandama. Mkeka uleule, pazia lilelile, machungwa. Video ilitembea mwanzo mpaka mwisho, na goli lilipotangazwa lilikuwa limeingia. Mzee Mhina akasema, "Sasa naona. Yeye hachezi, anasema."

"Anacheza na anasema, mzee mwenzangu."

"Kucheza simo. Lakini kusema anasema vizuri." Akageukia pazia, akapaza sauti. "Zuhura! Huyu mtu ana maneno mengi. Utamuweza?"

Ikatoka sauti ya msichana: "Mwambieni aje na feni safi." Maana habari ilikuwa imeshafika, fundi Omari asingeweza kuinyamazia. Walicheka wote, na mimi nikacheka, na ndani ya kicheko changu nilimkumbuka dada aliyebaki nyumbani.

Aliwakaribisha maharusi kwa moyo wake wote. Alipika, aliimba, aliikokota miguu yake mibovu mpaka Muheza na sinia la posa. Lakini siku ya harusi, alipowasha chetezo, aliniuliza mbele ya watu, "Maalim, bibi harusi nimfukize, au naye ana feni?" Watu walivunjika mbavu. Mimi nilijua kwamba hakutania tu. Tangu siku ile ya uani hakuingia tena chumba cha mbele ila kwa kuitwa. Kompyuta ilikaa bila vazi, na kila kitu kingine nyumbani kilikuwa na vazi lake. Mimi na Hatibu tuliafikiana tusikitaje kamwe kile kitambaa mbele yake, tusije tukamtonesha. Tulishika ahadi hiyo mpaka alipofariki, na tuliihesabu kuwa ni stahi.

Jumamosi ile, baada ya alasiri, nilirudi ndani nikakikunjua. Hatibu na Zuhura walikuwa wamesimama karibu. Kilikuwa kimefuliwa kikawa cheupe kabisa. Na katika upande ule wa nyuma, ulioteremka mpaka mezani, palikuwa na tundu la mviringo. Halikukatwa kwa hasira. Lilifumuliwa nyuzi moja moja, kisha ukingo wake ukafumwa upya kwa uzi wa buluu, maua madogo kulizunguka lote. Hatibu aliweka kiganja chake ndani yake, akalipima.

"Ni feni," alisema. "Ni sawasawa na feni. Alipima lini?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba alikuwa amemaliza kukitengeneza, akakifua, akakikunja, akakaa nacho miaka yote hiyo akingoja mmoja wetu aseme, Bi Rukia, kile kitambaa cha kompyuta kiko wapi? Nasi tulikuwa tunapita mlangoni mwake kwa adabu zetu. Namshukuru Mungu kwa kila alichotupa, lakini siku ile nilikuwa na ghadhabu, na nilikuwa sina wa kumghadhibikia.

Hatibu alikichukua akaenda nacho chumba cha mbele, tukamfuata. Alikivisha. Hakikukaa. Ile mashine ya zamani alikwisha kuiuza, na hii mpya hutolea joto ubavuni. Tundu la dada likawa nyuma, limetazama bati tupu, na kitambaa kikawa kimeziba pale panapotakiwa hewa. Hatibu alisimama amekishika.

"Sasa si muigeuze hiyo mashine?" alisema Zuhura.

Tukaigeuza. Ubavu umekwenda nyuma, uso wake umetazama friji, waya zinatokeza upande wa watu kama matumbo ya samaki. Kibonyezo cha kuwashia kiko pembeni ya friji pasipoonekana. Kila asubuhi namsikia Hatibu akijipenyeza pale, anapapasa, anagonga kiwiko kwenye friji na kulalamika. Nami niko barazani na chai yangu, namwacha alalamike.